Mlango Usio na Mlinzi: Je, Tubadilishe Mfumo wa Kompyuta ya Nyumbani?

Hotuba kwa wakazi wa Arua Hill, kutoka Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii



Baadhi yenu mlishangaa mlipoambiwa kwamba leo polisi hawatazungumzia pikipiki zilizoibwa wala migogoro ya mipaka ya ardhi. Tumekuja kuzungumzia kompyuta iliyo juu ya meza sebuleni. Tumelichagua jambo hili kwa sababu ninyi wenyewe mmetuuliza. Ametuuliza mwalimu anayetunga mitihani nyumbani. Ametuuliza mfanyabiashara anayeandaa karatasi zake za forodha za Vurra na Oraba. Ametuuliza mzazi wa kijana anayesoma Chuo Kikuu cha Muni. Swali lao ni moja: kompyuta inasema kwamba mfumo wake endeshi umefikia mwisho wa huduma, je, tuubadilishe au tuuache?

Wahenga wametuachia majibu mawili yanayoonekana kupingana. Walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Tunataka kuwaonyesha kwamba katika jambo hili yote mawili ni kweli, kila moja kwa zamu yake.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha mashine, inayotunza mafaili, na inayoamua ni programu ipi iruhusiwe kugusa nini. Ni kama mlinzi wa lango. Windows 10, iliyomo katika kompyuta nyingi za nyumbani, ilitoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia kwa utaratibu wa kawaida. Wako waliodhani kwamba siku hiyo kompyuta ingezimika. Haikuzimika. Inawaka, inaandika barua, inachapisha kama jana. Ndiyo maana watu wanasema hakuna neno.

Lakini neno lipo. Kila mwezi watengenezaji hugundua nyufa mpya katika mfumo na kutoa viraka vya kuziziba. Viraka hivyo ndivyo vilivyokoma. Mlinzi wenu bado amesimama langoni, ila haletewi tena habari za wezi wapya. Na kuna ubaya wa pili: mfumo mpya na wa zamani hushiriki sehemu nyingi, kwa hiyo kiraka kinapotolewa kwa mfumo mpya, mhalifu hukichunguza na kujua mahali ambapo mfumo wa zamani umebaki wazi.

Haya si ya kubuni. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mkubwa katika Windows. Watu wengi hawakukiweka. Ilipofika tarehe 12 Mei mwaka huohuo, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipita katika ufa huo. Iliyafunga mafaili ya watu kwa kufuli isiyofunguka na kudai fidia. Iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000, katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha matibabu kwa sababu majalada ya wagonjwa hayakufunguka. Dawa ilikuwapo karibu miezi miwili kabla ya ugonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo, hatumlaumu anayesita, kwa maana sababu zake tunazijua. Mfumo mpya hupakuliwa kwa bando kubwa, na tangu Julai 2021 intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine inaweza kukataa kuwaka. Printa ya zamani inaweza kukosa kuelewana na mfumo mpya. Kompyuta yenyewe huenda ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika nchi nyingine kwa miaka mingi. Hizi si visingizio. Ni hesabu za mtu mwenye kipato kidogo na karo za watoto.

Sisi wenyewe tulijikwaa hapa, na tungependa mjifunze kwetu. Nyumbani kwetu kulikuwa na kompyuta ya zamani. Ndani yake kulikuwa na hesabu za kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, kwa sababu mama wa nyumba yetu ndiye mweka hazina. Mashine ilipoanza kulalamika, tuliichukua hadi kwa fundi mmoja, tukamwambia atuwekee mfumo mpya kwa bei nafuu. Hatukumuuliza anautoa wapi. Hatukutoa nakala ya chochote. Jioni tulirudishiwa kompyuta iliyong'aa, na ndani yake hamna kitu. Diski ilikuwa imefutwa yote.

Daftari la karatasi lilikuwa limeachwa miezi mitano nyuma. Kwenye mkutano wa kikundi, mjane mmoja alisema amelipa mkopo wake wote, na hapakuwa na maandishi ya kumthibitisha wala kumkanusha. Mwingine aliuliza kwa sauti ya chini, nasi tukasikia: je, polisi anaweza kumpeleleza mke wake? Ilichukua mikutano mitatu kuzijenga hesabu upya kutokana na ujumbe wa pesa za simu uliobaki katika simu za wanachama. Mjane alikuwa amesema kweli. Fedha zilipatikana zote, lakini yale macho ya jirani akimtazama jirani hatujayasahau. Hayo hayatokani na mfumo mpya wala wa zamani. Yalitokana na haraka yetu isiyo na nakala.

Kwa hiyo, ndugu zetu, uamuzi huu haupo kati ya upya na ukuukuu. Swali la kwanza ni: nikipoteza kompyuta hii usiku wa leo, nani ataumia pamoja nami? Mkilijibu hilo, hatua zinazofuata huja kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza ni nakala. Hapa ndipo haraka haina baraka. Nakilini mafaili yote muhimu kwenye flashi au diski ya nje, kisha mfungue mafaili machache kwenye kompyuta nyingine muone kama yanasomeka. Kifaa hicho kichomolewe na kihifadhiwe mbali na kompyuta, maana kikiachwa kimechomekwa, programu haribifu hukifunga nacho. Wenye hesabu za vikundi, chapisheni pia karatasi moja kila mwisho wa mwezi.

Hatua ya pili ni kuipima mashine. Windows 11 inadai angalau GB 4 za RAM, nafasi ya GB 64 katika diski, kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya kampuni. Kwa kawaida kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hukwama katika sharti hilo la mwisho. Ipo programu ya bure ya Microsoft, PC Health Check, itakayowajibu kwa dakika chache. Angalieni pia kama printa na programu zenu za kazi zinaukubali mfumo mpya.

Mashine ikifaa, basi msingoje. Hapa ndipo ngoja ngoja huumiza matumbo. Aliye na Windows 10 halali hupata Windows 11 bila kulipia leseni. Chagueni siku yenye umeme wa kuaminika, betri ikiwa imejaa, na bando la kutosha. Pakueni kutoka kwa Microsoft yenyewe.

Mashine isipofaa, msikate tamaa, wala msiitupe. Njia zipo tatu. Ya kwanza ni muda wa nyongeza: Microsoft imeweka mpango wa kuwapa watumiaji wa nyumbani viraka vya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa wanaojiandikisha. Huo ni muda wa kujipanga, si wa kulala. Ya pili ni mfumo wa bure wa familia ya Linux, kama Ubuntu, ambao asili yake ni mradi ulioanzishwa na raia wa Afrika Kusini mwaka 2004, na ambao jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Unaandika barua, unafungua intaneti, na unapokea viraka vyake bila malipo, ingawa unataka kujifunza kidogo, na baadhi ya programu za Windows hazifanyi kazi ndani yake. Kijana wa chuo anaweza kuwasaidia. Ya tatu ni kuitenga mashine na intaneti kabisa, ibaki ya kuandikia na kuchapishia, huku kazi za fedha na barua pepe zikifanyiwa kwenye kifaa kingine kinachopata viraka.

Njia moja tu tunawaonya msiifuate: mfumo wa wizi unaowekwa pamoja na programu ndogo ya kuvunja kufuli la leseni. Kabla ya kuiweka, mara nyingi mtaambiwa mzime kinga ya virusi. Jiulizeni: mgeni anayewaambia mumfunge mbwa kabla hajaingia anataka nini? Programu kama hizo zimekuwa njia ya kawaida ya kuingiza wezi wa nywila. Pia Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta.

Tahadharini vilevile na anayepiga simu akijidai ni wa Microsoft, au tangazo linalojaa kioo likisema kompyuta imeambukizwa na kuwapa namba ya kupiga. Microsoft haiwapigii watu simu bila kuombwa ili kutengeneza kompyuta zao. Yeyote anayewaomba PIN ya pesa za simu, hata akitaja cheo cha polisi, ni mwizi.

Likitokea la kutokea, njooni kituoni mapema. Tenganisheni mashine na intaneti, pigeni picha ya maandishi yaliyo kwenye kioo, na msifute kitu, kwa sababu mkifuta mnafuta ushahidi. Msiharakishe kulipa fidia. Wako waliolipa na wasirudishiwe mafaili. Hakikisheni taarifa yenu imeandikwa katika daftari la kituo na mmepewa namba yake. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inamfanya anayeingia katika kompyuta ya mtu bila idhini kuwa mhalifu. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari binafsi za watu azilinde. Walimu na waweka hazina, kumbukeni kwamba majina yaliyo katika mashine zenu ni amana.

Wala msione haya. Sisi tunaovaa sare tuliona haya siku ile, na haya hiyo ilituchelewesha kuwaambia akina mama ukweli kwa wiki nzima. Laiti tungalisema siku ya kwanza, mjane yule asingalisimama mbele ya watu kujitetea.

Mkifika nyumbani leo, msianze kwa kubadilisha mfumo. Anzeni kwa kutafuta flashi.

 Kwa Mungu na Nchi Yangu.