Sakafu ya Jiko katika Nchi ya Garissa



Zamani mfugaji wa Kisomali hakuwa na haja ya kuuliza habari za sakafu. Aqal, yaani ile nyumba ya fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka na ngozi, ilijengwa na wanawake, ikabomolewa na wanawake, ikapakiwa juu ya ngamia, na jamaa yote ikafuata malisho. Majivu, samli iliyomwagika, viroboto na mchwa viliachwa nyuma. Kila kambi ilikuwa na ardhi mpya iliyochomwa na jua, na hapakuwa na mtu aliyeketi juu ya vumbi lile lile miaka kumi.

Siku hizi mambo ni mengine. Ukame, biashara na shule vimewakusanya watu wengi katika miji ya Garissa, Wajir na Mandera, na nyumba zao hazihami tena. Kuta zimekuwa za mawe na paa limekuwa la mabati, lakini mara nyingi jiko limebaki na udongo mtupu. Maji ya nyama humwagika hapo, mbuzi na kuku hupita hapo, na mtoto atambaaye huokota alichookota akakitia kinywani. Ardhi ambayo zamani ilipumzishwa kwa kuhama, sasa haipumziki hata siku moja.

Jambo hili limechunguzwa katika nchi nyingine yenye ukame. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila, huko Mexico, lilianza kuwapa watu maskini saruji ya kutosha sakafu ya mita za mraba 50 kwa kila nyumba. Wataalamu waliolinganisha nyumba zilizopata saruji na zile zisizopata walitangaza matokeo yao mwaka 2009: pale ambapo udongo wote wa nyumba ulifunikwa, minyoo na vijidudu vya tumbo kwa watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 78, na ugonjwa wa kuhara kwa asilimia 49. Ni sakafu tu iliyofanya hivyo, wala si dawa.

Basi mwenye nyumba achague nini? Madukani vigae ving'aavyo humvuta macho, na aghalabu ni baba wa nyumba avutwaye. Yafaa amwulize kwanza mwenye mwiko. Mwiko wa kupikia, wala si mwiko wa mwashi. Mama atamwambia kwamba kigae laini kikidondokewa na samli au mafuta ya nyama huwa kama barafu, na mtu aliyebeba sufuria ya chai ya moto akiteleza, hasara yake si kigae kilichovunjika. Tena kigae hakisimami peke yake. Chini yake hutakiwa zege ile ile ambayo ingetosha yenyewe. Atakaye vigae kwa lazima, na achague vile vyenye uso wa kukwaruza.

Mkeka wa plastiki ni rahisi kununua na rahisi kufagia, lakini kaa moja la moto likidondoka mkeka huungua, na chini yake unyevu na mende hukaa wasionekane. Kusiliba kwa samadi ya ng'ombe ni desturi ya watu wengi, nayo hutuliza vumbi kwa siku chache; lakini kazi hiyo haina mwisho, na samadi yaweza kuwa na vijidudu vya pepopunda, ambavyo ni hatari kubwa kwa kitovu cha mtoto mchanga. Kule Rwanda kuna sakafu za udongo ulioshindiliwa na kupakwa mafuta ya mimea yanayokauka yakawa magumu. Ni akili njema, lakini yataka fundi aliyefunzwa kazi hiyo, na mafuta yenyewe lazima yapatikane.

Kwa wengi, basi, saruji ya kawaida ndiyo ifaayo. Lakini saruji ya Garissa ina adui wake, naye ni jua. Katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35 za Sentigredi, na sakafu iliyomwagwa saa sita za mchana hukauka kabla haijashika. Baada ya mwaka mmoja hupasuka na kutoa vumbi, na mwenye nyumba humlaumu aliyemwuzia saruji. Kazi na ianze alfajiri au jioni, na kokoto zirushiwe maji kwanza zipoe.

Jiko la futi 10 kwa 10, lenye zege ya unene wa inchi 3, hutaka mifuko mitano hivi ya saruji, kwa kipimo cha saruji karai moja, mchanga mbili na kokoto nne. Mifuko miwili au mitatu zaidi ni ya tabaka laini la juu, saruji moja kwa mchanga tatu. Mchanga wa laga utiwe katika chupa ya maji na kutikiswa. Ukitulia, ikiwa matope ya juu yapita sehemu moja ya kumi, hauna budi kuoshwa. Penye udongo mweusi ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, uchimbwe utolewe, na mahali pake pashindiliwe changarawe.

Sasa yaja maneno ya maji, na hapa ndipo sakafu nyingi huharibikia. Kuchanganya kazi hiyo hutaka mitungi kama tisa ya lita 20. Kisha kwa siku saba sakafu ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, na hiyo ni kama mitungi miwili kila siku. Kwa mtu anunuaye maji kwa mkokoteni wa punda, kumwaga mitungi kumi na minne juu ya sakafu ni jambo la kuumiza moyo. Lakini asiye na maji hayo ni heri angoje kuliko kupoteza mifuko minane ya saruji. Maji yaliyotumika kwa udhu au kuoshea mchele yaweza kukingwa katika karai na kulowesha magunia. Maji ya chumvi, kama ya visima vingi vya Wajir, huacha unga mweupe juu ya sakafu.

Walio karibu na Tana wakumbuke mafuriko ya miaka ya 1997, 2018 na 2024, na wainue sakafu inchi sita au zaidi juu ya ardhi ya nje, nayo iinamie mlangoni kidogo ili maji ya kuoshea yatoke.

Maziwa ya ngamia yaliyoganda yakimwagika yafutwe upesi, kwa maana uchachu wake hula saruji pole pole. Siku ya nane magunia yaondolewe na mapishi yarudi, lakini mafiga yasikae juu ya saruji yenyewe, kwa kuwa moto wa kuni huipasua. Yawekwe juu ya sinia pana la bati lililojazwa mchanga kina cha inchi nne.