Mtoto Asomapo kwa Sauti

Katika mji huu wa Kamina, ambako reli itokayo Lubumbashi hugawanyika, mkono mmoja ukishika njia ya Kananga na wa pili njia ya Kabalo, mtoto aghalabu hulelewa kwa Kiluba, hucheza na wenziwe kwa Kiswahili, kisha darasani akakutana na Kifaransa, lugha rasmi ya nchi kwa mujibu wa Katiba ya 2006. Basi si ajabu afunguapo kitabu jioni mbele ya baba yake akajikwaa, ilhali herufi zile zile hubadili sauti, na ch ya “chakula” siyo ch ya “chaise”.

Mzazi mwenye pupa husahihisha kila tamko. Mimi nasema lafudhi ni moja na kosa ni jingine. Mtoto akikuta “mtoto” akasema “mutoto”, au akatia l mahali pa r, sauti ambayo Kiluba hakina, huyo amesoma: jicho limeliona neno, akili imelifahamu, na kinywa kimelitamka kama walitamkavyo majirani wote, matamshi sanifu yatakuwa na wakati wake. Lakini akikuta “atarudi” akasema “alirudi”, habari imepinduka, na msafiri anayengojwa kituoni amekwisha fika kabla ya gari la moshi. Kosa la namna hii, kwa kuwa halikwaruzi sikio, ndilo wazazi walipitalo, wakashughulika na ile r.

Usimkate kauli. Mwache aimalize sentensi, kwani mara nyingi maana yenyewe humrudisha nyuma akajisahihisha. Asiporudi, lifunike neno kwa kidole, umfunulie silabi moja moja, a-ta-ru-di, jambo lililo jepesi katika Kiswahili ambacho silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kisha aisome upya sentensi nzima. Ukimtajia neno, mtamaliza ukurasa upesi, ila kesho atakutazama wewe badala ya kitabu.

Na mzazi asiyejua kusoma, naye asijitoe. Amsikilize mwanawe, halafu amwulize: huyo mtu amekwisha rudi, au bado? Na jibu lolote apewalo, aseme, “Haya, nionyeshe hapo palipoandikwa.”