Mwezi Uliolala Chali

Msikilizaji, fungua vitabu vingi vya sayansi, utaukuta mwezi mchanga umechorwa umesimama wima, pembe moja juu, nyingine chini. Sasa toka nje jioni mwezi unapoandama, hapa kwetu karibu na ikweta. Mara nyingi utauona umelala chali kama mtumbwi. Mchoro ule si wa uongo, ila ni wa anga la Ulaya. Mtoto wa Tabora anaukariri, anapewa alama zake, na mwezi anaouona nyumbani kwao haulizwi.

Mimi nasema somo hili lianzie mikononi, na gharama isiwe kisingizio. Tia chumba giza, washa taa moja, mpe mwanafunzi ndimu iliyochomekwa kwenye penseli. Taa ni Jua, kichwa chake ndiyo Dunia. Anyooshe mkono, ndimu iwe juu kidogo ya kichwa, ajizungushe polepole kuelekea kushoto. Akiielekea taa, upande anaouona una giza. Akifika robo ya mzunguko, nusu inang'aa. Akiipa taa mgongo, anao mwezi mpevu. Hapo ashushe mkono kidogo, kivuli cha kichwa kiifunike ndimu: mwezi umepatwa! Wapo watu wazima, na vyeti wanavyo, wanaoamini kuwa kivuli cha Dunia ndicho kinachoupunguza mwezi usiku hata usiku. Ndimu moja ingewatosha.

Umbali nao una kioja chake. Dunia ikiwa mpira wa miguu, Mwezi ni takriban mpira wa tenisi. Waambie watoto waupange mahali pake. Wengi watauweka hatua moja tu. Kumbe ni mita 6 na nusu hivi, maana kutoka hapa hadi Mwezini ni wastani wa kilomita 384,400.

Na shule za pwani zina bahari nzima ya kufanyia majaribio. Mvuvi anajua bamvua hufuata mwezi kuandama na mwezi kupevuka, na katikati huja maji mafu. Wanafunzi wachomeke kijiti kila siku pale maji kujaa yanapokomea, wapime, na usiku wachore mwezi walivyouona. Mwezi ukiisha, mwalimu aweke mezani madaftari mawili, la vipimo na la michoro, kisha anyamaze, awaache wabishane.