Umeme wa Ugenini
Hotuba ya katekista kwa wazee na vijana, sikukuu ya Yubilei, Bagamoyo



Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, na babu zetu wakawapokea wageni kutoka ng'ambo. Siku hizi watoto wetu ndio waendao ng'ambo kuwa wageni. Yatupasa kuwaonya kabla ya safari, na umeme wa nyumbani ni mojawapo ya mambo ya kuonywa.

Sisi wenyewe tulifunzwa kwa hasara. Mtoto wetu akaaye Marekani alituletea pasi ya kunyoshea nguo za altare. Meno yake hayakuingia katika soketi yetu, basi tukanunua adapta sokoni, tukaichomeka. Mara pasi ikawaka kupita kiasi, ikatoa moshi, na kitambaa cha altare kikaungua. Tukadhani pasi ni mbovu, kumbe ujinga ulikuwa wetu.

Maana umeme wa Marekani huingia nyumbani kwa volti 120, na wa kwetu kwa volti 230. Adapta hugeuza umbo la meno tu, nguvu haigeuzi. Pasi ya volti 120 ikipewa 230 hutoa joto karibu mara nne ya kiasi chake. Na birika la kwetu likipelekwa Marekani hutoa joto kama robo tu, maji yakakawia kuchemka. Bali chaja nyingi za simu zimeandikwa volti 100 hadi 240; hizo hazina neno. Basi, kabla ya kuchomeka, soma maandishi yale madogo.

Tena liko jambo la malipo. Kwetu kwa LUKU twalipa kwanza, na fedha ikiisha taa huzimika. Ng'ambo wengi hutumia kwanza, hulipa baadaye. Kijana mmoja wa kwetu aliwasha hita usiku kucha wakati wa baridi, hata hati ya deni ilipokuja akashikwa na hofu. Akatupigia simu kwamba ataizima, awashe makaa chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa. Tukamkataza kwa nguvu zote, kwa kuwa makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, isiyo na rangi wala harufu, na alalaye humo aweza asiamke tena. Tukamwambia: "Mwanetu, deni huzungumzika, mauti hayazungumziki. Nenda kwa wenye umeme, uombe kulipa kidogo kidogo." Akaenda, wakakubali, naye yu hai.

Ndugu wapenzi, wale wanawali wenye busara katika Injili hawakungoja usiku ndipo watafute mafuta. Nasi tuwafundishe watoto wetu kuuliza mapema, wala wasione haya. Mungu awalinde huko waliko, awarudishe salama.