Mtoto wa Awali, Skrini na Kiwanja cha Mchezo
Mada iliyotolewa katika semina ya walimu na walezi, Kichiwa



Nimetakiwa niseme mintarafu ya kupunguza muda ambao watoto wetu wadogo hukaa mbele ya skrini, na kuwatia hamu ya kucheza na kutumia viungo vyao. Nashukuru kwa heshima hiyo, na naomba ieleweke ya kuwa rai nitakazozitoa ni zangu. Siisemei idara yoyote, wala sikusudii kuilaumu.

Maana na vipimo

Maneno ya mada hii hayana mgeni humu, kwa hiyo nitayapitia upesi. Mtoto tunayemzungumzia ni yule ambaye hajaanza darasa la kwanza. Skrini ni televisheni, simu janja, kishikwambi na kompyuta. Na mazoezi, kwa umri huo, ni mchezo wenyewe wa kukimbia, kuruka, kupanda, kusukuma na kuviringika, wala hayahitaji gwaride. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Aprili 2019, lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa. Kwamba wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Kwamba wa miaka mitatu na minne apate dakika 180 za kutumia viungo kila siku, na 60 katika hizo ziwe za kuhema na kutoka jasho. Kwamba alale saa 10 hadi 13. Na kwamba mtoto mdogo asifungwe mahali pamoja, kitini au mgongoni, zaidi ya saa moja mfululizo. Vipimo ndivyo hivyo.

Hali ya kwetu

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya sabini. Kwa hiyo wengi wa wazee waliomo humu walilelewa bila ya skrini, na hawakupokea kwa waliowalea desturi yoyote ya kuitawala. Mzazi wa Kibena alirithi maarifa ya moto, ya mto, ya ng'ombe na ya panga, akajua mtoto wa umri gani aruhusiwe kukaribia kitu gani, ilhali simu janja imeingia nyumbani bila ya mwiko wake.

Nayo hupewa mtoto kwa sababu zisizofichika. Mama huondoka alfajiri kwenda kupalilia viazi au kuchuma maparachichi ya watu, naye bibi aliyeachiwa wajukuu hana nguvu ya kuwakimbilia. Na wajukuu hao, wengine yatima, ni wengi katika mkoa wetu wa Njombe, ambao utafiti wa 2022–23 uliuonesha kuwa wa kwanza nchini kwa maambukizi ya virusi vya Ukimwi, asilimia 12.7 ya watu wazima. Fauka ya hayo ipo baridi yetu ya Juni hadi Agosti, ambayo huwaweka watoto jikoni hata jua likichomoza. Tena ipo hofu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto walichukuliwa na kuuawa mkoani mwetu, wazazi wakawafungia wana wao ndani, na walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Walakini katika nyumba nyingi nilizoingia desturi ya kumfungia mtoto imebaki hata baada ya hofu kutulia, na aliyefungiwa ndani lazima apewe kitu cha kumnyamazisha.

Mtoto aliyekalishwa

Sasa nawaomba wasaa, maana hapa ndipo penye shughuli yangu ya miaka mingi. Sisi hupenda kusema kwamba simu imemwondoa mtoto kiwanjani. Rai yangu ni kwamba, aghalabu, mtoto huyo alikwisha kuondolewa kiwanjani kabla simu haijafika, na waliomwondoa ni sisi tunaomfundisha.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliweka elimu ya awali katika elimu ya msingi ya lazima, na mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania wa mwaka 2016 ukaagiza mtoto ajifunze kwa kucheza, katika kona za kujifunzia, chini ya mwalimu mmoja kwa watoto 25. Yaliyoandikwa ni mazuri mno. Mtu akiingia katika darasa la awali saa tatu asubuhi, ataona nini? Ataona watoto mara mbili au tatu ya idadi hiyo, wamebanana juu ya madawati yaliyotengenezwa kwa kimo cha darasa la nne, miguu yao ikining'inia, wakikariri namba kwa sauti moja mbele ya mwalimu aliyechoka. Na mwenye kuinuka huambiwa akae, kwa kuwa kukaa kimya ndiko kunakohesabiwa taadabu. Saa sita mtoto hurudi nyumbani, akakalishwa tena mbele ya televisheni. Basi mtoto wa miaka mitano hushinda ameketi, na lawama zote hupewa kile kipindi cha pili, kwa sababu cha kwanza kinaitwa elimu.

Mwalimu naye simwonei. Nimewasikia wazazi, tena wenye kumpenda mtoto kwa dhati, wakimwuliza akirudi, "Umeandika nini leo?", na akijibu kwamba alicheza, wakaenda kwa mwalimu mkuu kushtaki. Zipo shule za chekechea zinazowatungia mtihani watoto wa miaka minne na kuwapanga kwa nafasi, kwa kuwa ndivyo zinavyopata wateja. Hali mkono ambao haujapanda mti, haujafinyanga udongo wala kuvuta kamba, utapata wapi nguvu ya kuishika penseli?

Kisha vipo viwanja. Shule nyingi za wilaya yetu zilipewa ardhi ya kutosha, lakini kiwanja cha watoto wadogo, maadamu hakina ukuta wala hati yake, ndicho huliwa kwanza: darasa jipya likija hujengwa hapo, misonobari ya mradi hupandwa hapo, mahindi ya shule hulimwa hapo, na mchanga wa mafundi humwagwa hapo na kusahauliwa. Nimeandika taarifa na barua juu ya jambo hili mwaka baada ya mwaka, na jibu limekuwa moja, kwamba mchezo hauna fungu katika bajeti. Naliheshimu jibu hilo kama mtumishi, na silikubali. Makambako ni njia panda ya malori ya Tunduma na Songea, na tairi kuukuu zimelala nyuma ya kila gereji, mashine za mbao zinatupa mabanzi, mianzi tunayo. Tairi lililozikwa nusu ni daraja la kupanda, gogo lililolazwa ni njia ya kujifunza mizani ya mwili, na kamba mbili ni bembea.

Waheshimiwa, mkoa wetu unalisha miji, ilhali utafiti wa afya wa mwaka 2022 uliona udumavu katika asilimia 50.4 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano, na kwa taifa zima asilimia 30. Tumelihubiri lishe, na tuendelee. Lakini huko Kingston, Jamaika, katika miaka ya themanini, watoto wadumavu walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili, na mama zao wakaoneshwa namna ya kucheza nao kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani. Walipofuatiliwa baada ya miaka ishirini, mapato yao yalikuwa makubwa kwa robo kuliko ya wenzao wasiotembelewa. Mchezo, basi, ni katika tiba ya maradhi yaliyo makubwa kwetu.

Mapendekezo

Kwanza, kila serikali ya kijiji ipime kiwanja cha watoto wa awali katika shule yake, iweke alama za mipaka, na iandike mipaka hiyo katika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, ili pasijengwe wala pasilimwe kitu. Pili, tairi, mabanzi na kamba zikusanywe kwa nguvu za wananchi, bila ya kungojea fungu. Tatu, ratiba ya awali itenge mchezo wa nje kila siku, kabla ya uji na baada yake, na kipindi hicho kisikatwe kwa ajili ya kukariri. Nne, mitihani na nafasi kwa watoto wa awali viachwe.

Kwa upande wa nyumbani, asiyetimiza miaka miwili asipewe simu hata kama analia. Mkubwa kuliko huyo asizidishe saa moja. Na wakati wa kula na wa kulala skrini izimwe. Vipindi vya "Akili and Me", vilivyotengenezwa hapa nchini kwa watoto hawa, ni vyema, lakini viwe ndani ya saa hiyo, na mtu mzima akae karibu. Wakati wa baridi mtoto avishwe sweta na kofia, atolewe nje jua likikolea. Baridi haimkatazi kukimbia. Kuhusu hofu, kila kitongoji kipange zamu ya watu wazima wawili wa kuwaangalia watoto jioni, wakicheza kombolela, rede na ukuti, jambo ambalo litampumzisha na bibi pia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waulize habari za mchezo kama wanavyouliza habari za chanjo. Na wazazi, narudia, wamwulize mtoto alicheza nini, wala wasimshtaki mwalimu aliyemwacha acheze.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeuweka mchezo na mapumziko katika wajibu wa mzazi pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Hivyo silo ombi la hisani ninaloleta hapa. Namwomba Mheshimiwa Diwani, kwa heshima zote, aliingize suala la viwanja katika ajenda ya kikao kijacho cha Kamati ya Maendeleo ya Kata, na wenyeviti wa vijiji mliopo mje kikaoni na vipimo vya viwanja vyenu.