Kabla ya Safari ya Mkunazini



Baadhi yenu, wahitimu wa ualimu, mtapangiwa shule za Handeni na Korogwe, na siku moja mtawapeleka wanafunzi Unguja kwa ziara ya masomo. Mkunazini mtateremka ngazi hadi vyumba vya chini, mtainama kwa sababu dari iko chini, mtaoneshwa minyororo na kuambiwa kwamba humo walirundikwa watumwa wakisubiri mnada. Wanafunzi watanyamaza. Wengine watalia.

Naomba mwalimu wao asinyamaze. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, Seyyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Jengo lenye vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari baada ya hapo, na wako wanahistoria wanaotilia shaka masimulizi yake. Mateso yalikuwepo, tena makubwa mno. Hayahitaji kutiwa chumvi. Linaloniumiza zaidi ni mtoto wa Korogwe kutoka mle akiamini kwamba utumwa ni habari ya Unguja.

Watu walitolewa hapa kwetu pia, Handeni na Korogwe. Miaka ya 1830 njaa iliikumba Uzigua. Wenye njaa wakateremka pwani kutafuta chakula, wakaishia kuuzwa, na wengi wakavushwa hadi Somalia. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya mto Juba, na vizazi vyao vikaendelea kuzungumza Kizigua. Vita vya Somalia vilipowafukuza baada ya 1991, baadhi yao walirudi huku. Wakapewa ardhi Chogo, Handeni, na wengine wakapewa uraia wa Tanzania.

Na waliouza? Semboja, mwana wa Kimweri wa Usambaa, alikaa Mazinde kwenye njia ya misafara, akitoa watu na kupokea bunduki. Mazinde ni Korogwe hii hii. Wazigua wenye bunduki nao waliwateka majirani zao. Najua linauma, maana darasani kwenu kizazi cha waliouza na cha waliouzwa huenda vikakaa dawati moja. Lisemeni hivyo hivyo, kwa upole, bila kumnyooshea mtoto kidole kwa ajili ya ukoo wake.

Basi kabla hamjachangisha nauli ya Unguja, pangeni safari ya Chogo. Tangulieni kuwaomba ruhusa wazee wa pale, kisha waacheni wanafunzi waulize wenyewe, kwa Kizigua.