Nimero ya motokari ni jina lake
(Maneno ya komite kwenye mukutano wa wanachama)



Wengi munatuuliza njiani: juu ya nini motokari ya chama ingali imelala? Sisi wa komite tunajibu leo mbele ya wote.

Land Cruiser yetu munaijua. Ni muzee, lakini ndiyo iliyopeleka bamama kuzaa, ndiyo iliyoleta maiti zetu nyumbani. Wakati wa mvua shasi yake ilivunjika, na kutu ilikuwa imekwisha kula pande zingine. Fundi mumoja alituambia: "Musihangaike. Niko na ingine, injini muzima, bei ndogo. Haina karatasi tu. Ninyi muko na karatasi. Tutakata nimero yenu kwenye shasi, tutaisudia kwa hii. Nani atajua?"

Tuseme ukweli: siku ile tulifurahi. Wengine kati yetu walianza hata kuhesabu makuta yatakayobaki. Kisha tukasema, ngoja kwanza, tuulize.

Hii ndiyo tuliyojifunza. Nimero ya shasi ni jina la motokari. Tangu 1981 kule Amerika jina hilo liko na alama 17, herufi na tarakimu. Herufi I, O na Q hazitumiwe, juu zinafanana na 1 na 0. Motokari zilizotengenezwa kwa soko la Japani ziko na nimero fupi kuliko hiyo. Lakini fupi ao ndefu, kazi ni moja: kusema chuma hiki ni kile kilichoandikwa kwenye karte roze, si kingine.

Motokari za zamani ndizo zinajaribu watu sana. Kule Amerika, motokari ya inje ambayo haijafikisha miaka 25 haiingie bure. Inapaswa kufuata sheria zao zote za usalama. Ikifikisha 25, mulango unafunguka. Basi kuna wanaochukua nimero ya Land Rover muzee iliyokufa na kuibandika kwa ile iliyo kijana. Karatasi zinakuwa na bei kuliko motokari yenyewe. Sheria yao ya 1984 inasema kubadilisha ao kuondoa nimero kwa kusudi ni kosa, na inaweza kuleta kifungo mupaka miaka 5.

Lakini musikilize na upande wa pili. Kule Kansas mutu mumoja alinunua Corvette ya 1959, mwaka wa 2016. Alipoenda kuiandikisha, polisi waliona kibao cha nimero kiliondolewa zamani na kurudishwa wakati motokari ilitengenezwa upya. Kibao kilikuwa cha motokari ile ile. Mwenyewe hakuiba, hakudanganya, lakini walikamata motokari yake na ikakaa miaka mikononi mwa serikali. Mwaka wa 2022 Kansas ilibadilisha sheria yake, juu ya watu wanaotengeneza motokari za zamani kwa roho safi.

Basi kuna tofauti. Kutoa jina ili upake rangi, na kulirudisha kwa mwenyewe, ni kazi ya fundi. Kutoa jina la marehemu na kulivalisha mwengine, huo ni uongo.

Na Uingereza kwa miaka mingi walihesabu hivi: motokari iliyobadilishwa vipande, shasi iko na alama 5, injini alama 1, na vipande vingine vikubwa alama 2 kila kimoja. Ikikosa alama 8, inapoteza jina lake la zamani. Ile fundi alitaka kutufanyia, kwa hesabu hiyo, ni sufuri. Kipande cha chuma chenye nimero tu.

Hapa kwetu pia, kifungo cha karatasi za uongo ni miezi 6 mupaka miaka 5, na kupokea kitu cha wizi ni kosa lingine. Lakini tuache polisi kidogo. Motokari ile isiyo na karatasi ilitoka wapi? Pengine kuna mutu Bujumbura ao Kigoma anaililia mupaka leo. Sisi tuliokimbia na kukuta nyumba zetu ziko na watu wengine ndani, tunajua uchungu ule.

Na tuseme neno lingine, bila kuhukumu mutu. Kwenye kambi huko Tanzania, wengine kati yetu walikula posho kwa karte ya mutu mwengine. Njaa ilikuwa njaa. Lakini wanajua: siku mwenye jina anatafutwa, ni wewe unayeitika. Hatutaki chama kiitike jina lisilo lake kwenye kila barriere.

Kwa hiyo tulikataa. Injini, sanduku la vitesi na milango tutaviuzisha kama vipande, kila kimoja na risiti. Kipande cha nimero hakitauzishwa. Kitarudishwa pamoja na karte roze, ili motokari ifutwe kwenye kitabu. Makuta yatabaki kwenye kasha mupaka tupate ingine yenye karatasi zake.

Bei yake tunaijua. Mama mumoja wa kwetu alipelekwa kuzaa kwa pikipiki, usiku, akishikiliwa na shemeji yake nyuma. Mutoto ni muzima, Mungu asifiwe. Lakini aliyetuambia usoni "uaminifu wenu ulitupandisha pikipiki" hakukosa, na hatukuwa na jibu zuri. Tangu siku ile kasha inalipa usafiri wa kila mama anayeenda kuzaa. Lete tu jina kwa mukubwa wa mutaa wako.

Ninyi mulio mbali, hatuombi muharakishe. Tunaomba mujue kila franga iko wapi. Na ninyi wanachama, muchango wa mwezi usichelewe.